Mfupa Unaongoja Kuitwa

I

Gego lilitoka vipande vipande. Kila kipande kilipodondoka kwenye sahani ya bati, tabibu Leokadia alikisogeza pembeni na koleo lake, kama fundi anayetenga misumari iliyopinda.

"Mzee Kanisio, hili la mwisho lilikuwa limelala ubavu," akasema. "Miaka yote hii limekuwa likimsukuma mwenzake, na usaha umekula mfupa huku nyuma. Kuna shimo, mzee. Shimo hasa."

Sikuweza kujibu. Upande wote wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi na ulimi umelala kama gogo lililokosa wa kulibeba.

"Nikiliacha hivi, gego la jirani litang'oka lenyewe. Na siku utakayouma hindi la kuchoma, taya litakatika. Naweka mbegu."

Nikatikisa kichwa. Nikatikisa tena. Nikanyanyua na kidole, kile kimoja ambacho msumeno wa kiwandani ulinibakizia pembeni ya dole gumba.

"Unataka kunywa uji mpaka ufe?" akaniuliza.

Kwa ishara nikamjibu kwamba ndiyo, uji unanitosha.

"Basi utaunywa na usaha wako. Acha utoto, mzee."

Leokadia ni binti wa jirani yangu. Nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, ndiyo maana ananisema hivyo. Akafungua kichupa chenye moshi wa baridi, akachota na kijiko chembamba, akanimiminia shimoni. Zilikuwa punje ndogo, nyeupe, ukubwa wa ulezi. Sikuzisikia zikiingia. Nilisikia tu aibu, na aibu haina ganzi.

Maana mimi, Kanisio Kihwele, mpasua mbao wa hapa Mafinga, ndiye niliyekuwa nikisimama kilabuni na kuwaita wenye mbegu wala maiti. Kila mtu aliijua kauli yangu. Darasa la nne ndilo lililonishinda, lakini mdomo haujawahi kunishinda.

Mbegu ni mfupa wa marehemu. Wakifa watu, Bohari inachukua kipande, inakisaga, inakitunza kikiwa hai. Ukikimwaga tayani kinakaa tu humo, kimelala, hakioti mpaka kiitwe. Zamani mbegu hazikuwa na kufuli. Mifupa ya maskini ikawa inasafirishwa kama mahindi kwenda kujaza mataya ya wenye nazo, hadi watu wakachoma moto Bohari moja. Ndipo wakubwa wakakaa, wakatunga: sawa, kila mbegu ifungwe, na ufunguo abaki nao mfiwa mmoja, yule aliyekuwa kando ya kitanda. Kiganja chake juu ya shavu la mpokeaji, na sauti yake ikitaja jina la marehemu. Kuitikia, ndivyo wanavyosema. Mfiwa akiitikia, mfupa unaamka. Akikataa, unaoza, unakwanguliwa, unatupwa.

Wakaiita heshima. Mimi naiita ujanja. Mfupa wanauchukua kwa sheria, bila kuomba. Halafu kuomba wanatuachia sisi, mlangoni, mtu na mwenzake, wao wakiwa ofisini.

"Nyuzi nitazitoa mwisho wa wiki," Leokadia akasema huku akinishona. "Uwe umeshaitikiwa kabla ya hapo. Nikikuta mbegu imelala, naikwangua, na safari hii nitakwangua na taya lenyewe." Akageukia kioo chake, akasoma. "Jina la marehemu hatupewi, utalisikia kwa mfiwa. Mfiwa wako ni mama Atilia Mhapa. Anakaa nyuma ya kanisa, kwenye miparachichi. Nenda na kigoda, ukae chini yake, uombe vizuri."

Nikaona macho yake yakirudi kwenye mstari mmoja, yakirudi tena.

"Mzee," akasema polepole. "Na wewe una mgeni. Wewe ndiye mfiwa wake, basi ni mbegu ya mkeo, mama Veridiana, imewekwa jana. Anakuja kwako kuomba mkono."

Nikamtazama. Nani?

"Otmari Nyenza."

Nilijaribu kucheka, mate yenye damu yakanimwagikia kifuani.

II

Alikuja kilabuni kesho yake jioni. Leokadia alinikataza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mpaka nyuzi zitoke, na mimi nilikuwa naunywa kwa upande wa kulia, pamba ikiwa bado shavuni.

Otmari Nyenza ndiye Mkuu wa Huduma wa wilaya. Zahanati, Bohari, magari ya wagonjwa, vyote vyake. Aliliacha gari mbali, akatembea kwenye matope mwenyewe, koti refu, skafu imezungushwa tayani, na kigoda kwapani. Kigoda kipya, bado kinanuka vanishi.

"Kamwene," akasalimia.

Kilabu kizima kikamgeukia. Tasiani, mwenzangu wa kiwandani, ndiye aliyeanza.

"Kamwene, Mkuu! Umekuja kukagua choo? Kiko nyuma, ila ushike pua."

Watu wakacheka. Nyenza hakucheka wala hakukasirika. Akaweka kigoda mbele yangu, akaketi. Ndiyo desturi iliyoota na hii sheria: mwombaji hukaa chini, ili mkono wa mfiwa umwangukie bila kunyanyuliwa. Magoti yake marefu yalikuja karibu na masikio. Akafungua skafu. Shavu lilikuwa limejaa, na juu yake amebandika kile kidude cha Bohari, kama kifungo cha shati, taa yake nyekundu.

"Mzee Kihwele. Nimekuja kuomba mkono wako."

"Upi?" nikasema. Maneno yalikuwa yanatoka mazito, yamevimba. "Huu ambao msumeno umeshauonja, au huu mzima?"

"Wowote utakaopenda."

"Mwone! Anachagua kama nyama buchani," Tasiani akadakia.

Sasa mnisikilize kuhusu mkono. Siku Veridiana alipoanza kutapika damu, nilimbeba hadi barabara kuu, nikamlaza kwenye majani, nikasimama katikati ya lami na kuinua mkono huu mbovu. Malori ya mbao siku hizi hujiendesha, hayana mtu wa kukuonea huruma. Lakini ambulensi za huku bado zilikuwa na madereva, maana ukungu wetu hupofusha mashine. Na ambulensi ilikuja. Ilikuja katikati ya msafara, magari yenye bendera mbele, mengine nyuma, wakubwa wanakwenda kufungua Bohari mpya. Ilikuwa tupu. Nilimwona dereva. Aliniangalia machoni, nikaamini anasimama. Akapita.

Veridiana alifika hospitali kwenye tela la trekta. Alikuwa bado ana joto, basi. Wakanisogezea kidude mdomoni nitaje jina lake, mfupa wake uende kwenye Bohari hiyo hiyo mpya.

Dereva yule niliulizia jina lake, nikamtungia wimbo. Kilabu kizima kiliujua, "Fule wa king'ora, kula nyama ya harusi". Lakini msafara ulikuwa wa Nyenza.

Nikamwangalia pale kigodani. Nikanyanyua kiganja, nikakishusha polepole kuelekea shavu lake, polepole, hadi nikasikia joto la homa yake likinigusa. Taa ikageuka njano. Nyenza alifumba macho.

Nikausimamisha mkono hapo hapo hewani.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Msafara unapita."

Nikauondoa mkono, nikachukua kopo langu.

Kilabu kilipasuka. Tasiani alipiga meza hadi ulanzi ukamwagika. Walinipiga mabegani, wakairudia: msafara unapita, msafara unapita! Sijawahi kusema neno likapendwa hivyo maisha yangu yote.

Nyenza alisubiri kelele zipungue. Akasema kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia, "Nina kisukari, mzee. Kama ni hapana, uniambie mapema, wanikwangue kabla sumu haijaingia kwenye damu."

"Hapana," nikasema.

Akafunga skafu. Akachukua kigoda chake kwapani, akatoka. Alikanyaga vibaya kizingitini, akashika ukuta, na watu wakacheka tena. Mimi pia. Lakini mama mwenye kilabu akaja akaninyang'anya kopo, halikuwa limeisha.

"Kanywee kwako," akasema.

"Nimekosa nini? Unajua alichonifanyia!"

"Najua. Kanywee kwako."

III

Nyumbani kigoda kilikuwa kimoja tu, cha Veridiana, cha jikoni, kimeungua ukingo upande wa moto. Sikuwa nimekigusa tangu msiba. Nikakifunika na mfuko wa saruji nikatoka nacho.

Mafinga ni mji wa mbao. Kila mtu anaijua mbao hata ikiwa ndani ya mfuko. Nilipopita sokoni, mwanamke mmoja muuza nyanya akamgusa mwenzake kiwiko. "Kigoda kile. Kumbe na yeye!" Mwenzake akasema, "Mla maiti," kwa sauti yangu hasa, akiniiga ninavyovuta maneno. Nikaendelea kutembea. Nilitamani ukungu ushuke, ukungu wenyewe siku hiyo ukagoma, jua kali kama la bondeni Pawaga.

Mama Atilia alikuwa uani anapanga parachichi kwenye kreti, anazipindua moja moja kutafuta michubuko. Mwanamke mzee, mkavu, kitambaa cheusi kichwani. Uso huo sikuwahi kuuona, maana alihamia huku kutoka Njombe, watu walisema, kumfuata mwanawe.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Karibu." Akakiona kigoda. "Ah. Ni wewe."

"Ni mimi, mama. Kanisio Kihwele."

"Nakufahamu."

Nikaketi. Kigoda cha Veridiana ni kifupi mno, na mimi ni mtu wa miraba minne, goti likalia ko! Ndipo nilipoijua hali ya Nyenza mbele ya watu. Ukiwa chini hivyo unaona viatu vya mtu, unaona pindo la kitenge chake, na uso wake uko mbali kama wa hakimu. Nikabandika kidude shavuni. Taa nyekundu.

Mama Atilia alifuta mikono kwenye kitenge. Hakuwa na haraka.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema. "Wewe pia ni mfiwa. Mkeo, Mungu ampumzishe. Waliokuja kwako, umewaitikia?"

Angalia jinsi mtu anavyoanguka. Hakunishikia kisu. Hakusema nikijibu hivi ataninyima. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza umeshakula. Na mimi, mpasua mbao, mtu mzima mwenye mvi, nikasema:

"Nimewaitikia, mama. Wote."

"Vizuri," akasema. "Mimi kuna siku nilitaka kukataa. Nikajiambia, hata yule mzee wa kiwandani na uchungu wake wote, akiitwa ataitikia. Vizuri sana."

Akaweka kiganja, taa ikageuka njano. Kilikuwa kikavu, kinanuka majani ya mparachichi.

"Fulgensi," akasema.

Taa ikarudi nyekundu. Jina hilo, kwa kifupi chake Fule, nilikuwa nimeliimba.

Mama Atilia akaguna. "Kidude chao hakijui kwamba mtu hupoa," akasema, akageuza uso upande wa kreti. Aliporudi kuniangalia macho yalikuwa mengine, na sauti ikatoka nyembamba, imechanika katikati, kama ya mtu anayeita gizani.

"Fulgensi..."

Kijani.

Mimi kwanza nililaumu mashine. Nikasema moyoni, hata vidude wanatununulia vibovu. Kisha ndani ya taya kikaanza kitu. Waliwahi kunisimulia, lakini kusimuliwa si kusikia. Ni mvumo, mdogo, wa mbali, kama msumeno unapowashwa kiwanda cha ng'ambo ya bonde asubuhi. Mfupa ukiamka huvuma siku kadhaa, unashikana na wako.

"Fulgensi yupi, mama?" nikauliza. Nilijua. Niliuliza kama mtu anayemsihi hakimu.

"Dereva wa ambulensi. Fule wa king'ora," akasema. "Gari lilipinduka naye kwenye ukungu, mvua za masika. Wewe ulikuwa bado unamwimba. Watoto walikuwa wanapita hapo kwenye uzio wanaimba, mimi nimeanika shuka zake."

Sikuwa na pa kuweka uso. Mkono wake ulikuwa bado shavuni, ningeinamaje?

"Siku ile alirudi hakula," akaendelea. "Nikamwambia, Fule, ugali unapoa. Akasema, mama, leo nimempita mtu kaniinulia mkono, mkewe kalala kwenye majani. Aliomba kwenye redio aachiwe atoke msafarani. Akaomba mara mbili. Wakamjibu: endelea. Na wewe unazijua kazi zao. Ukitoka kwenye mstari, kesho huna kazi. Alikuwa kijana, akaendelea. Lakini hakuwahi tena kulala vizuri mwanangu."

"Aliyejibu ni nani?"

"Mwenye msafara. Nani mwingine?"

Nikafungua mdomo niombe radhi. Nyuzi zikanivuta, yakatoka mate tu.

"Nyamaza," akasema mama Atilia. "Utazikata nyuzi, uniharibie." Akaondoa mkono, akarudi kwenye parachichi zake. Nilipofika langoni na kigoda changu, akaniita. "Baba Kihwele! Usimlalie upande huo."

IV

Nilitembea na mtoto wake kinywani mwangu. Hapo pa kutembea ndipo pabaya, maana kila nikisaga meno kwa hasira, namsaga yeye.

Na hasira nilikuwa nayo kuliko mwanzo. Mwenye msafara. Aliambiwa, mara mbili, akasema endelea. Basi kumbe nilikuwa na haki! Acha aoze. Nikaligeuza hilo kichwani hadi kituo cha maji, na kila nilipoligeuza, upande wa pili ulikuwa umeandikwa: nimewaitikia, mama, wote. Mfupa niliopewa niliupata kwa uongo. Unavuma, unashika, unakuwa mimi, na chini yake kuna uongo. Mbao ikipigiliwa juu ya mbao yenye mchwa, fundi gani atasema amejenga?

Nikakata kona.

Mke wa Nyenza ndiye aliyefungua mlango. Mama Gaudensia, mwanamke mnene, mpole, mwalimu. Aliponiona na kigoda hakuelewa. Mfiwa haendi na kigoda.

"Leokadia yuko ndani," akasema. "Anaandaa vyombo vya kukwangua. Homa haijashuka tangu jana. Kama umekuja kumtukana, mzee, nakuomba upitie siku nyingine."

"Sikuja kumtukana."

Chumbani palinuka dawa. Leokadia alikuwa amevaa glavu. Alinitazama, akaangalia shavu langu lilivyotulia, akajua nimeitikiwa, akainamisha macho kwenye sahani yake. Afadhali angenisema.

Nyenza alikuwa amelala, uso umevimba upande mmoja hadi jicho limefungwa. Kitanda ni cha juu. Nikaweka kigoda cha Veridiana kando yake, nikakaa, nikawa chini yake, mimi mfiwa.

"Dereva wako aliomba kuachiwa," nikamwambia.

Jicho lake zima likanigeukia. "Mzee, sikujua kwamba kuna mgonjwa pale."

"Uliambiwa."

Mkewe akasimama mlangoni. Nyenza alimeza mate, na kumeza kukamuuma, niliona.

"Niliambiwa," akasema.

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu msiba. Nilidhani likija nitaruka, nitapiga kelele, nitaona haki. Lilikuja kutoka kwenye mdomo uliovimba, likaanguka kati yetu, halikumfufua mtu.

Nikanyanyua kiganja changu kibovu, nikakiweka shavuni kwake. Lilikuwa la moto kama kikaango. Taa ikageuka njano.

"Veridiana," nikasema.

Nyekundu.

"Sema tena," Leokadia akanong'ona. "Labda uvimbe wako umebadili sauti."

"Veridiana Kihwele."

Nyekundu.

"Veridiana!"

Nyekundu. Mama Gaudensia akaanza kulia chinichini. Leokadia akatazama vyombo vyake, akatazama saa ya ukutani. "Mzee, sina muda mwingi. Sumu inatembea. Ikikataa, inabidi nikwangue sasa hivi."

Si uvimbe. Nilijua si uvimbe. Kidude chao hakijui kwamba mtu hupoa. Walinirekodi hospitalini, Veridiana bado ana joto, na sauti niliyoitoa siku ile haikuwa hii. Hii ilikuwa sauti ya kilabuni, iliyokauka, ya mtu anayetaja jina la mkewe kama anatoa ushahidi. Ndivyo nilivyokuwa nimemtaja tangu azikwe. Nilimtaja ili kumpiga nalo mtu. Nikawa sina jina lake jingine.

Na wakubwa wale, Mungu awaone, waliifunga mbegu kwa kilio. Kwa kujua au kwa uzembe, sijui. Mtu atoe chozi upya kila wanapomhitaji.

Nililie mbele ya Nyenza? Mbele ya huyu? Nikaona afadhali mbegu ife. Nikaona hivyo kabisa, mkono ukiwa shavuni kwake, na nikaona haya kwamba naona hivyo. Chini yangu kigoda kikalia, ko. Nikashika ukingo wake na mkono mwingine nisianguke, vidole vikaingia pale palipoungua.

Jioni nilipotoka kiwandani, Veridiana alikuwa anakaa hapa na mimi nakaa chini, sakafuni, kichwa mapajani kwake. Ananitoa vumbi la mbao masikioni na ncha ya kanga, akigomba. Kila siku anagomba. Masikio gani haya, baba, ya mtu au ya gogo, ipo siku itaota mipaina humu. Na mimi nasema, mama, acha, inatosha. Yeye haachi. Na mimi sitaki aache.

Hakuna tena anayenitoa vumbi. Lipo humo tangu siku ile.

"Veri..." nikasema, na jina likanikatikia njiani. Nililikamata tena, likatoka limelowa, limepinda, sauti ya mtoto aliyepotea sokoni. Nyuzi mbili zikakatika. Damu na machozi na makamasi, vyote, juu ya shuka safi la Mkuu wa Huduma. "Veridiana..."

Sikuiona taa. Leokadia ndiye aliyesema, "Kijani."

Nilitaka kuondoa mkono, haukutoka. Kisha nikaisikia kwenye kiganja, kupitia ngozi ya mtu ninayemchukia: mvumo. Mdogo, unakatika, unaanza upya, unakatika. Wa Fulgensi ni mtulivu. Huu hauna utulivu.

Nyenza naye alikuwa anausikia kutoka ndani. Machozi yalimtoka kwenye jicho zima tu, lile jingine halikuweza kufunguka. "Anaimba," akasema.

"Haimbi," nikamwambia. "Anagomba. Utamzoea."

Mama Gaudensia akaniletea kitambaa. Nilikipokea, sikumwangalia usoni. Nilikuwa nimewaza mke wake awe mfiwa kama mimi, na yeye ananipa kitambaa. Leokadia akavua glavu, akanifungua mdomo bila kuniomba ruhusa, akakunja uso akiona nilivyomharibia kazi yake.

"Sijakusamehe," nikamwambia Nyenza, nilipoachiwa mdomo.

"Najua."

"Na kesho nina mahali pa kwenda kusema uongo wangu. Na wewe una mahali. Mama Atilia Mhapa, nyuma ya kanisa. Mama yake dereva. Nenda na kigoda."

Sijui kama ataenda, wakubwa nawafahamu. Nikasimama, magoti yakilia, nikachukua kigoda cha Veridiana bila kukifunika. Mlangoni nikageuka, maana nilimwona anajisogeza atafute usingizi, shavu lile lile likielekea kwenye mto.

"Nyenza!" nikamwita. "Usimlalie upande huo."